Ateri Iko Wazi, Je, Msuli wa Moyo Unapata Damu?

Mtu akizibuliwa mshipa wa moyo baada ya shambulio, ndugu wanaosubiri nje hushusha pumzi. Daktari huwaonyesha picha mbili za eksirei. Kwenye ya kwanza dawa imekwama katikati ya mshipa, kwenye ya pili inapita hadi mwisho. Simu zinapigwa nyumbani kwamba mambo yamekwenda salama. Kwa wagonjwa wengi ni kweli. Lakini mwaka 1992 Hiroshi Ito na wenzake wa Osaka, Japani, walichapisha matokeo yaliyowashtua madaktari wa moyo. Karibu robo ya wagonjwa wao walikuwa na ateri iliyokwisha kufunguka, na bado damu haikuwa ikiingia ndani ya msuli ule ule ulioumia. Baadaye msuli huo ulipata nafuu ndogo kuliko wa wenzao ambao damu ilifika.

Ateri zinazoonekana kwenye picha hizo za eksirei, yaani angiografia, ni njia kuu tu. Kazi ya kulisha msuli hufanywa na kapilari, vimishipa vyembamba kiasi kwamba eksirei haiwezi kuviona. Bomba la barabarani linaweza kuzibuliwa likapiga maji kwa nguvu, na nyumba za uchochoroni zisipate hata ndoo moja kwa sababu vibomba vyao vimejaa mchanga. Ndani ya moyo, mchanga huo ni vipande vya damu iliyoganda, seli zilizovimba na kuta za kapilari zilizojeruhiwa.

Kipimo kinachoingia hadi uchochoroni ni eko ya moyo inayofanywa huku mgonjwa akidungwa dawa ya viputo, ambayo hospitalini wengi huiita kontrasti. Si kipimo cha kila mtu wala cha kila siku. Ukiandikiwa, ukimpeleka mzazi wako, au ukisoma ripoti iliyotaja kontrasti, inafaa ujue kinavyofanya kazi, kinajibu swali gani, na nini cha kuuliza kabla ya kunyoosha mkono uchomwe sindano.

Viputo vinavyofuata njia ya damu

Eko ya kawaida hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio letu haliyapati, kisha huyasikiliza yanaporudi. Kuta za moyo na vali hurudisha mwangwi wa kutosha kuchora picha. Damu hurudisha mwangwi hafifu mno, ndiyo maana vyumba vya moyo huonekana vyeusi kwenye skrini, na damu iliyo ndani ya msuli haionekani kabisa.

Gesi huakisi sauti kwa nguvu. Mwaka 1968 Raymond Gramiak na Pravin Shah wa Rochester, Marekani, walieleza kwamba walipodunga dawa ya rangi karibu na moyo, wingu jeupe lilitokea kwenye picha ya eko. Lilitokana na viputo vidogo vya hewa vilivyozaliwa wakati wa kudunga. Ilichukua miaka mingi kutoka hapo kupata viputo vinavyoweza kudungwa mkononi na kufika upande wa kushoto wa moyo vikiwa hai, kwa sababu hewa ya kawaida huyeyuka kwenye damu haraka, na viputo vikubwa hunaswa na mapafu.

Viputo vya leo hutengenezwa kiwandani kwa vipimo. Ndani kuna gesi nzito isiyoyeyuka upesi, kama salfa heksafloridi au perfluropropani. Nje kuna ganda jembamba la mafuta aina ya fosfolipidi, au la protini ya albumini. Optison, yenye ganda la albumini, ilipata kibali Marekani mwaka 1997. Definity ilifuata mwaka 2001, mwaka ambao SonoVue iliidhinishwa Ulaya. SonoVue hiyo hiyo huuzwa Marekani kwa jina la Lumason, na huko kibali kilitoka mwaka 2014. Viputo vingi vina upana wa mikromita 1 hadi 5, wakati seli nyekundu ya damu ina mikromita 7 au 8. Kwa hiyo kiputo hupita kila mahali seli nyekundu inapopita, mapafuni na hadi kwenye kapilari za moyo.

Tena hakitoki nje ya mshipa. Dawa ya ayodini ya CT-Scan na gadolinia ya MRI huvuja na kuingia kwenye nyama kuzunguka mishipa. Kiputo hubaki ndani ya damu mwanzo hadi mwisho, na kikionekana mahali, ujue pana damu inayotembea. Baada ya dakika chache ganda hupasuka, gesi hutoka kwa pumzi, na mwili hushughulikia mabaki ya ganda. Figo hazina kazi ya kuisafisha gesi hiyo, jambo la maana sana kwa mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu ambaye figo zake zimeanza kuchoka.

Wapo wanaoingiwa na hofu wakisikia gesi inadungwa mshipani, na hofu hiyo ina msingi, kwani sote tumeona muuguzi akigonga bomba la sindano kutoa hewa. Tofauti ni ujazo. Dozi ya mililita 2 ya SonoVue ina mikrolita 16 hivi za gesi, ambazo hazifiki hata tone moja la maji, nazo zimegawanyika katika mamilioni ya viputo vilivyo vidogo kuliko seli ya damu.

Kinachoonekana kwenye skrini

Hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe. Mtaalamu hushusha nguvu ya mashine hadi chini sana. Kwenye kona ya skrini utaona herufi MI na namba mbele yake. Kwa kazi hii namba hiyo huwa chini ya 0.2. Kwa nguvu hiyo ndogo viputo havipasuki. Hutanuka na kunywea kwa kufuata wimbi la sauti, na mwangwi wao huwa tofauti na wa nyama. Mashine huufuta mwangwi wa nyama na kubakiza wa viputo peke yake.

Sindano ikiingia, chumba cha kulia cha moyo huwa cheupe kwanza. Baada ya mapigo machache, viputo vikishavuka mapafu, chumba cha kushoto hujaa weupe. Msuli hubaki mweusi kidogo, halafu nao huanza kupata kijivu kinachopanda polepole, kwa kuwa damu ndani yake ni kidogo ukilinganisha na ile ya chumbani. Mtu asiyezoea atasema mashine imepata ukungu.

Kisha mtaalamu hubonyeza kitufe. Kwa muda mfupi kuliko sekunde moja nguvu hupanda ghafla, skrini humweka, na viputo vilivyo ndani ya msuli hupasuka vyote. Msuli unarudi kuwa mweusi. Nguvu hushushwa tena, na hapo kila mtu chumbani hutazama jambo moja: viputo vipya vinachukua muda gani kuujaza msuli upya.

Katika kapilari damu hutembea taratibu, karibu milimita 1 kwa sekunde mtu akiwa amepumzika. Kipande cha moyo kinachopitiwa na mwale wa sauti kina unene wa milimita 5 hivi. Ndiyo sababu msuli wenye afya hujaa tena ndani ya sekunde 5 hivi. Moyo ukilazimishwa kufanya kazi, mtiririko huongezeka mara kadhaa, na msuli hujaa kwa sekunde 2 au pungufu. Kevin Wei, Sanjiv Kaul na wenzao wa Chuo Kikuu cha Virginia ndio walioigeuza hali hii kuwa kipimo cha namba, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1998. Weupe wa msuli ukishajaa unaonyesha kiasi cha damu kilichomo, na mwendo wa kujaa unaonyesha kasi yake. Ukizidisha viwili hivyo unapata mtiririko.

Pale ateri ilipobana, sehemu ya msuli inayolishwa nayo huchelewa. Majirani wakiwa wamekwisha kuwa weupe, yenyewe bado ni giza, na mara nyingi giza hilo huanza kama utepe mwembamba upande wa ndani wa ukuta, ule unaogusa chumba cha moyo, kwa kuwa tabaka hilo ndilo la kwanza kuumia damu ikipungua. Hii ndiyo sehemu ya kipimo ninayoiona kuwa na thamani kubwa kuliko zote. Damu ikianza kupungua, jambo la kwanza kuharibika ni ulishaji wa msuli. Ukuta kushindwa kujikunja vizuri hufuata, kisha mabadiliko kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na maumivu ya kifua huja mwishoni. Anayesubiri maumivu anasubiri hatua ya mwisho ya mlolongo huo.

Swali gani linajibiwa

Matumizi ya kawaida kuliko yote ya dawa hii hayahusu msuli. Ni kuweza tu kuona. Mgonjwa mnene, mwenye ugonjwa wa mapafu, au aliye kwenye mashine ya kupumulia anaweza kutoa picha ya eko ambayo hata bingwa anaikunjia uso. Madaktari huugawa moyo wa kushoto katika vipande 17, na vipande viwili au zaidi vinavyopakana visipoonekana vizuri, miongozo ya kitaalamu inashauri viputo vitumike. Chumba kikishajaa weupe, mpaka wa ukuta unajichora wenyewe.

Mpaka huo una uzito kuliko unavyodhani. Ripoti za eko huwa na namba inayoitwa EF, asilimia ya damu inayosukumwa nje na chumba cha kushoto kila kinapopiga. Kwa kawaida huanzia kwenye asilimia hamsini na kitu. Namba hiyo ndiyo inayoamua nani apewe dawa zipi za moyo kushindwa kazi, nani apandikiziwe kifaa cha kushtua moyo (mara nyingi ikiwa 35 au chini), na nani asimamishiwe kwa muda dawa za saratani zinazoweza kudhuru moyo. EF iliyokisiwa kutoka kwenye picha ya ukungu inaweza kumpeleka mtu kwenye tiba asiyoihitaji, au kumnyima anayoihitaji.

Matumizi ya pili ni kutafuta damu iliyoganda kwenye ncha ya moyo, hasa baada ya shambulio kubwa la ukuta wa mbele. Donge la damu halina mishipa, kwa hiyo viputo huliacha jeusi katikati ya weupe. Uvimbe wenye mishipa yake hupokea viputo na kuwaka. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa ataanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda au atapelekwa kwa daktari wa upasuaji.

Ya tatu ni kutazama ulishaji wa msuli, kukiwa na mapumziko na kukiwa na kazi. Lazima mgonjwa aelezwe jambo hili kwa uwazi. Nchini Marekani dawa hizi zilipewa kibali kwa ajili ya kujaza chumba cha moyo na kuonyesha mpaka wa ukuta. Kuzitumia kupima damu ndani ya msuli ni matumizi yaliyo nje ya kibali hicho, ingawa yamefanyiwa utafiti mwingi na yanaungwa mkono na vyama vya wataalamu wa eko. Madaktari hutumia dawa nyingi kwa njia hiyo, na hakuna haramu ndani yake. Lakini una haki ya kuambiwa.

Yapo pia matumizi mengine ambayo wasomaji wengi hawajawahi kuyasikia, nayo yanaonyesha viputo vikifanya kazi bora kuliko popote. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao msuli wa moyo hunenepa kupita kiasi, na ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini huweza kuvimba hadi kubana njia ya damu inayotoka kwenda mwilini. Mwaka 1994, London, Dkt. Ulrich Sigwart alianza kuutibu kwa kudunga ethanoli, yaani pombe halisi, ndani ya tawi dogo la ateri linalolisha ukuta huo. Kipande cha msuli hufa kwa makusudi, hunywea, na njia hufunguka. Hatari yake iko wazi. Tawi lile lile linaweza kuwa linalisha pia misuli inayoshikilia vali, au sehemu nyingine ya moyo ambayo mtu hataki kuigusa. Kwa hiyo kabla ya pombe hudungwa viputo kwenye tawi hilo, na eko huonyesha ni nyama ipi itakayowaka. Ikiwaka mahali pasipostahili, pombe haitolewi. Hutafutwa tawi jingine au tiba huahirishwa. Kabla ya njia hii daktari alitegemea zaidi picha ya ateri, ambayo haionyeshi mahali tawi linapoishia.

Vipimo vingine vya ulishaji wa msuli vipo: MRI ya moyo, na skani za dawa zenye mionzi. Kwa baadhi ya maswali ni bora zaidi, hasa MRI inapotakiwa kuonyesha kovu. Faida ya eko ni kwamba mashine inasukumwa hadi kitandani, haina mionzi, haihitaji figo nzima, na jibu linapatikana papo hapo. Hasara zake pia zisifichwe. Kivuli cha mbavu na cha mapafu huweza kuacha sehemu za juu za kuta zikiwa giza bila ugonjwa wowote. Viputo vikizidi, vile vya mbele huzuia sauti isifike nyuma. Na kila kitu kinategemea jicho na mkono wa anayepima. Mtaalamu anayefanya kipimo hiki mara chache kwa mwaka hawezi kulinganishwa na anayekifanya kila wiki. Eko yako ya kawaida ikiwa imetoka safi na swali la daktari limejibika, usidai viputo kwa kuwa umesikia ni vya kisasa.

Kabla hujatoka nyumbani

Kwanza hakikisha kinachozungumzwa ni kipimo kipi. Kuna kipimo kingine, cha bei nafuu, ambacho muuguzi huchanganya maji ya chumvi na hewa kidogo kwa kusukuma kati ya mabomba mawili ya sindano, kisha hudunga. Viputo vile ni vikubwa na hunaswa na mapafu. Kazi yake ni kutafuta tundu kati ya pande mbili za moyo: vikionekana upande wa kushoto mapema, vimepitia njia ya mkato. Hospitalini vyote viwili huweza kuitwa kipimo cha viputo, na si kitu kimoja.

Anayesafiri kutoka mkoani kwenda hospitali kubwa apige simu kitengo cha moyo kwanza. Mashine ya eko kuwepo haimaanishi dawa ipo stoo. Uliza kama dawa ipo siku hiyo, kama bei uliyotajiwa inahusu dawa au kipimo peke yake, kama bima yako inailipia, na kama moyo utapimwa ukiwa umepumzika tu au utafanyishwa kazi.

Swali hilo la mwisho ndilo linalobadilisha maandalizi. Eko ya mapumziko haitaki mengi. Moyo ukifanyishwa kazi, iwe kwa mashine ya kutembelea au kwa dawa, utaambiwa usile kwa saa kadhaa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asijipangie mwenyewe. Aulize mapema apunguze nini na ale saa ngapi. Wanaotumia dawa za kutuliza mapigo kama atenolo, bisoprololo au kavediloli huenda wakaambiwa wazisimamishe kabla ya kipimo cha dobutamini, moja ya dawa za kuufanyisha moyo kazi, lakini wasizikatishe bila kuambiwa, kwani kuziacha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua.

Ikitumika badala yake dipiridamoli, adenosini au regadenosoni, adui mkubwa ni kafeini, ambayo huzuia dawa hizo kufanya kazi na kipimo kikatoka kizuri kwa uongo. Utaambiwa ukae saa 12 hadi 24 bila kahawa wala chai. Na hapa watu wengi hukosea, kwa sababu kwetu chai ya rangi haihesabiki kuwa kitu. Mgonjwa huapa kwamba hajanywa chai, kumbe aliinywa alfajiri, bila maziwa. Chai ya rangi ina kafeini, soda za kola zinayo, chokoleti inayo, vinywaji vya kuongeza nguvu vimejaa, na hata vidonge vya kichwa kama Panadol Extra vina kafeini ndani yake. Ukiwa umekosea, sema. Afadhali kipimo kiahirishwe kuliko kupata jibu lisilo la kweli. Mwenye pumu naye aseme mapema, kwa kuwa dipiridamoli na adenosini zinaweza kubana njia za hewa, na kwake huchaguliwa dobutamini au mazoezi.

Vaa nguo inayofunguka mbele. Utalala kwa ubavu wa kushoto, mkono umeinuliwa, kifua kimepakwa jeli ya baridi. Mwanamke anayetaka kupimwa na mwanamke mwenzake, au kuwa na ndugu chumbani, aombe wakati wa kupanga miadi, si akiwa ameshavua nguo.

Sindano yenyewe, na usalama wake

Utawekewa kanula kwenye mshipa wa mkono. Wauguzi wazoefu huchagua ya wastani, si ile ndogo kabisa ya watoto, kwa sababu viputo vikisukumwa kwa nguvu kwenye tundu jembamba hupasuka kabla havijafika mwilini. Kwa sababu hiyo hiyo dawa husukumwa taratibu, na maji ya chumvi yanayofuata pia taratibu. Maandalizi hutofautiana. SonoVue ni unga unaochanganywa na mililita 5 za maji ya chumvi na kutikiswa kwa sekunde 20 hadi uwe kama maziwa. Definity hutikiswa na mashine maalumu kwa sekunde 45. Dawa ikiachwa mezani, viputo hupanda juu, hivyo chupa hugeuzwa tena kabla ya kuvuta dozi. Kwa hospitali za maeneo ya joto, tofauti nyingine ina maana kubwa: Optison hukaa kwenye friji, SonoVue hukaa kwenye joto la kawaida la chumba.

Wengi hawahisi chochote. Wachache hupata kichefuchefu, kichwa kuuma, ladha ngeni mdomoni au joto la ghafla. Baadhi hupata maumivu ya mgongo au kiuno yanayokuja na kuondoka. Mwambie anayepima mara moja, maana dawa inaweza kusimamishwa.

Oktoba 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo kali kwenye dawa hizi baada ya ripoti za vifo, vingine vikiwa vimetokea ndani ya dakika 30 tangu kudungwa. Madaktari wa moyo walipinga, wakisema wagonjwa hao walikuwa na maradhi mazito tayari, na kwamba kuwanyima kipimo kungewafanya wapelekwe kwenye vipimo vyenye hatari zaidi. Tafiti kubwa zilizofuata ziliunga mkono hoja yao, na kuanzia 2008 masharti yalilegezwa. Onyo lenyewe halikufutwa lote wakati huo, na nadhani ilikuwa sahihi: mzio mkali hutokea, ingawa ni kwa mtu mmoja hivi kati ya elfu kumi. Chumba kisicho na adrenalini, oksijeni na mtu anayejua kufufua mgonjwa hakifai kutoa dawa hii. Uliza, wala usione haya.

Kuna mambo ambayo lazima uyataje kabla ya kuchomwa. Definity na SonoVue zina kemikali iitwayo polietilini glaikoli, au PEG, ambayo imo pia kwenye baadhi ya dawa za kuharisha zinazotumika kusafisha utumbo na katika baadhi ya chanjo za korona. Kama uliwahi kupata mzio mkali kwa vitu hivyo, sema. Mwaka 2021 FDA ilitoa tahadhari juu ya hilo. Ganda la Optison hutokana na albumini ya damu ya binadamu, na muumini ambaye dini yake inamkataza kupokea mazao ya damu anapaswa kulijua kabla. Mwenye selimundu aseme, kwani wapo wagonjwa wa selimundu waliopata maumivu makali baada ya dawa hizi. Mjamzito aseme pia.

Ukishapewa ripoti

Lugha ya ripoti ni ngumu, lakini maneno ya kutafuta ni machache. LAD ni ateri inayolisha ukuta wa mbele na ncha ya moyo, RCA kwa kawaida hulisha upande wa chini, na LCX hulisha ubavu. Ripoti ikisema sehemu fulani ilijaa vizuri wakati wa mapumziko na kuchelewa wakati wa kazi, maana yake msuli upo hai lakini haupati damu ya kutosha ukihitaji zaidi, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo ya kuongeza dawa au kufanya angiografia huanza. Ikisema sehemu haikujaa wakati wowote, huenda pana kovu, au kapilari zimeharibika ingawa ateri imefunguliwa, kama ilivyokuwa kwa wagonjwa wa Osaka. Muulize daktari kati ya hayo mawili anadhani ni lipi, na kama sehemu hiyo ilionekana vizuri au ilifichwa na mbavu, kwa sababu giza la kivuli na giza la ugonjwa hufanana kwenye karatasi.

Karatasi pia haiwezi kuonyesha sekunde tano za msuli kujaa. Omba nakala ya video kwenye CD au fleshi, siyo picha zilizochapwa peke yake, hasa kama utapelekwa hospitali nyingine. Bila video, bingwa mwingine atalazimika kuamini maneno ya mwenzake au kurudia kipimo kizima kwa gharama yako. Hakikisha jina la dawa na dozi vimeandikwa kwenye ripoti. Ukitokewa na vipele, kuvimba midomo au kupumua kwa shida baada ya kurudi nyumbani, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na karatasi hiyo mkononi.